Rika au nia: magrupu niliyoyajaribu baada ya kustaafu, na lipi linamfaa nani

Mwezi uliopita alinipigia simu mwenzangu mmoja tuliyefanya kazi naye masjala. Amebakiza miezi minne astaafu. Tulipomaliza kuulizana habari za watoto na bei ya sukari, akalitoa lililompigisha simu: "Dada, hao watu unaozungumza nao usiku kwenye simu uliwapata wapi? Mimi nimo kwenye magrupu tisa na sina hata mmoja wa kuzungumza naye."

Nikamwambia swali hilo halijibiki kwa simu, nitamwandikia. Nilipoanza kuandika nikaona kumbe nimezunguka sana katika miaka hii minne, na mwingine wa umri wetu anaweza kukatiwa njia ya mkato. Kwa hiyo nayaweka hapa, ayasome yeye na asome mwingine.

Mimi nina miaka 59, naishi Tanga. Nilistaafu kwa hiari mwaka 2021, nilipotimiza 55, baada ya miaka 31 ya kukaa masjala. Asiyeijua masjala, ni chumba yanamokaa majalada yote ya ofisi. Ipo masjala ya wazi na ipo masjala ya siri, na karani mzuri hupimwa kwa jambo moja: ukimwuliza barua ya miaka kumi iliyopita, anajua iko jalada gani na folio, yaani karatasi, namba ngapi. Mitandao nami naitazama kwa jicho hilohilo la karani. Mtaniwia radhi.

Jipekue kwanza

Tunapokosea wengi ni hapa: tunatafuta watu kabla ya kujua tunawatafutia nini. Mimi nilijidhania mtu wa watu. Dirisha la masjala halikosi mtu, na kwa miaka 31 nilizungumza kuanzia asubuhi mpaka saa ya kufunga. Nilipostaafu nikajiandaa kuumwa na upweke. Haukuja. Nyumba ilinyamaza na nikaupenda ukimya wake. Kilichoniuma kilikuja polepole, na ilinichukua karibu mwaka mzima kukijua: nilikosa mtu wa kuniambia nimekosea.

Bosi wangu wa mwisho alikuwa na kalamu nyekundu. Ukimpelekea dokezo lenye neno lisilokaa sawa, linarudi neno limezungushiwa duara. Nilikuwa namlaani kimoyomoyo. Sasa kila ninakopita ni shikamoo: kijana wa duka, bodaboda, binti wa benki, hata daktari. Shikamoo ni heshima na siikatai, nimeisubiri miaka. Ila mtu akishakuamkia hivyo amejifunga mdomo. Utasema neno la kipuuzi naye ataitikia, "Ni kweli, mama." Kuzeeka kwetu ni kupandishwa kitini, na ukiwa juu ya kiti hicho hakuna anayekusogelea kukwambia una uji kidevuni.

La pili lilikuwa la mwili. Hedhi ilinikoma nikiwa na miaka 52. Kitabibu huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila kuonekana, na wanawake wengi huwafika kati ya miaka 45 na 55, kwa hiyo sikuwa wa ajabu. Lakini joto lile linalopanda kutoka kifuani hadi utosini katikati ya kikao, na zile usiku za kuamka shuka limelowa, sikumwambia mtu. Mama hakuniambia lake, dada zangu hawakusema lao. Jambo hili halikutaka mtu wa kunikosoa, lilitaka mtu wa kunong'ona naye.

Nilikuwa na haja mbili, basi: mbishi na msiri. Nimepoteza muda mrefu nikiwatafuta wote wawili chini ya paa moja, na ningepewa nafasi ya kumwambia mwenzangu neno moja tu, lingekuwa hilo. Sikia mwenyewe unakosa nini kabla hujabonyeza "jiunge". Kuna anayekosa kicheko, kuna anayekosa kazi ya kufanya, kuna aliyefiwa na mume anayetaka mtu amsikilize tu asimpe ushauri. Hawa hawaendi mlango mmoja.

Mimi napenda mashairi ya vina na mizani. Hilo pia nililijua nikiwa mtu mzima; utotoni niliyasikia tu kwa baba. Nikafanya jaribio. Nilitunga ubeti wa tarbia, mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, nikaupeleka mahali panne ndani ya wiki moja. Ulianza hivi:

Utu uzima si kuni, hauwashwi ukawaka,
Nimekaa dirishani, naona miaka yaruka…

Nikangoja nione wapi watasema nini.

Form Four 84

Wengi wetu tunaanzia hapa, kwenye grupu la WhatsApp la waliosoma pamoja, na la kwangu lina watu 117. (Nafasi si tatizo. Zamani grupu moja lilikuwa na kikomo cha watu 256, mwaka 2022 kikapandishwa hadi 1,024. Kijiji kizima.) Unaingizwa na mtu mwenye namba yako, unapokelewa kwa shangwe, unaona sura za watu uliokula nao ugali wa maharage yenye wadudu, na kwa wiki mbili unacheka mpaka machozi.

Kisha inaanza kawaida yake. Alfajiri picha za maua na "Asubuhi njema wapendwa". Mchana video ya mganga wa kisukari. Jioni ujumbe wa kusambaza kwa watu 10 usije ukapatwa na balaa. WhatsApp wenyewe walijaribu kuuzuia mchezo huu: tangu 2019 huwezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mara moja, na tangu 2020 ule uliokwisha sambazwa sana unakwenda kwa mmoja mmoja. Wenzangu wastaafu wana muda. Wanatuma mmoja mmoja.

Nisiwaseme vibaya nikawasahaulia mema. Mwenzetu alipofiwa na mume kule Korogwe, ndani ya saa tatu mchango ulikuwa umekusanywa, gari limepatikana, na watu wa kupika wameshajigawa. Hakuna mahali pengine mtandaoni patakapokufanyia hivyo. Kwa misiba, harusi, na kujua nani amelazwa, grupu la rika halina mpinzani, na anayekushauri ulikimbie hajafiwa.

Lakini ubeti wangu? Nilipata maua kumi na manne, "Ubarikiwe dada" sita, na mmoja aliyeuliza, "Hii ni ya msiba wa nani?" Hakuna aliyehesabu mizani. Ndipo nikaelewa kinachonisumbua humo. Watu hawa wanamjua binti wa miaka 18 aliyekimbia mita 400 na kuogopa hesabu. Kila nikiandika neno wanalisoma kwa sauti ya binti yule. Miaka 40 na ushei imepita katikati, nimebadilika mara tatu au nne, na wao vilevile wamebadilika nisiwajue. Tuna umri mmoja, na tumeudhania ni moyo mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu: baki, zima mlio. Tangu 2020 unaweza kuuzima moja kwa moja bila kikomo, si kwa mwaka mmoja tu kama mwanzo. Nami naingia Ijumaa jioni, nasoma za wiki, natoa pole na hongera, natoka. Ukishindwa kabisa na ukataka kulefti, tangu 2022 taarifa inawafikia maadmini peke yao, ingawa mdadisi akifungua orodha ya waliotoka katika siku 60 zilizopita atakuona. Kwa mtu wa Tanga, hiyo inatosha kuwa habari ya mjini.

Ukumbi wa Facebook

Grupu kubwa la Facebook ni kitu kingine. Humu hakuna anayekujua na kila mtu anakupenda. Ubeti wangu kwenye grupu moja la washairi lenye maelfu ya watu ulipata likes 212 kabla ya adhuhuri. "Mashaallah mama." "Kalamu nzito hii." "Malenga wetu!" Nilitembea sokoni siku ile kama niliyevikwa kilemba. Jioni niliusoma tena peke yangu nikahisi kitu kwenye mshororo wa pili hakikai, kama kiti chenye mguu mfupi, lakini watu 212 walikuwa wamepita na hakuna aliyekigusa. Kupenda kwao kulikuwa kwa kupita tu, kama anayekupungia mkono kutoka kwenye basi.

Na siku ya pili nikapata wachumba watatu. Mmoja alikuwa daktari wa jeshi, mjane, yuko kazini ng'ambo, ana binti mmoja anayehitaji mama. Mwanamke mtu mzima, picha yake peke yake, ameandika kwamba amestaafu: kwa tapeli hilo ni tangazo kwamba kiinua mgongo kimeshatoka. Hawa wapo popote penye watu wengi, si Facebook tu. Ni "ile hela tuma kwenye namba hii" iliyovaa suti. Mimi nilimwuliza yule daktari mizani ya shairi la tarbia, hakurudi.

Hata hivyo ukumbi una kazi yake, na kazi hiyo usiidharau. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu waliopata kazi mpya: wengi habari hawakuipata kwa rafiki wa ndani, waliipata kwa mtu wa kusalimiana naye tu. Sababu si ngumu. Rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua. Mtu wa mbali ndiye mwenye habari ya mtaa mwingine. Ukumbini ndipo nilipoona, kwenye grupu la faragha la wanawake, mtu ameuliza bila jina lake kuonekana: "Kuna mwenzangu anayeamka usiku akiwa ameloa kama amenyeshewa?" Majibu yalipita sitini. Nilikaa kitandani saa sita usiku nikiyasoma yote, na mengine nikayarudia.

Jambo la kujua kuhusu kuandika bila jina katika magrupu ya Facebook: wanachama wenzako hawalioni, lakini maadmini wanaliona, na Facebook wenyewe. Hiyo ni masjala ya siri ambayo ufunguo wake wanao watu kadhaa. Na grupu "la wazi" ni la wazi kweli, hata asiye mwanachama anasoma. Angalia neno hilo juu ya ukurasa kabla hujaeleza habari za chumbani.

Chumba kidogo

Katika yale majibu sitini mmoja alikuwa mkunga mstaafu. Alijibu kwa utaratibu, hakuuza dawa. Nikamfuata, tukaandikiana, na baada ya mwezi akaniuliza kama nitapenda kuingia kwenye grupu lake la WhatsApp. Tuko 38 na hajawahi kuruhusu tuzidi 40. Sheria zake tatu amezibandika juu: hakuna tangazo, hakuna skrinishoti, hakuna "fulani ametumia dawa hii akapona". Anayevunja anaonywa mara moja, mara ya pili anaondolewa, na hakuna kikao cha usuluhishi.

Tuko Tanga, Mombasa, Unguja, Dodoma, na wawili wako Muscat, watu wa asili ya huku waliohamia kwa jamaa zao. Wao wako saa moja mbele yetu, kwa hiyo mazungumzo ya usiku huanzia kwao. Tunaitana bibie, shoga, mama fulani. Shikamoo haitumiki ovyo humo kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa mkubwa.

Huku nako niliupeleka ubeti. Aliyejibu wa kwanza ni mmoja wa Muscat, kwa sauti, dakika nne. Naye ana dirisha lake, alisema. Mume alifariki, watoto wana magari na kazi, yeye anakaa dirishani ghorofa ya tatu anahesabu magari meupe. Kisha akanyamaza, na ile sauti ikaendelea kurekodi ukimya wake kama nusu dakika. Hakuna aliyehesabu mizani na nisingetaka wahesabu. Yeyote ambaye angesema "kina kimevunjika" usiku ule ningemwona mshenzi.

Huu ndio mlango wa anayetaka kusikilizwa. Kasoro yake ni kwamba hupaoni kwa kutafuta. Hakuna chumba kidogo kizuri kilichotundika bango. Unaingia kupitia mtu mmoja uliyemwona ukumbini akijibu kwa utu. Kwa hiyo ukiwa ukumbini acha kuhesabu likes zako, tazama wanaojibu wengine. Mvuvi hutupa nyavu baharini lakini halali huko.

Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amefanya kazi miaka mingi juu ya jambo hili: kadiri mtu anavyouona muda uliobaki mbele yake kuwa mfupi, ndivyo anavyopunguza watu na kubaki na wale wenye maana kwake. Niliposoma hivyo nilipumua. Mwanangu alikuwa ameanza kuniambia, "Mama umejifungia," kwa sababu nimekataa kamati mbili za harusi. Kumbe napogoa.

La gharama: sauti zinakula bando kuliko maandishi, na chumba cha wanawake ni chumba cha sauti. Lakini macho yangu yalianza kukataa herufi ndogo tangu miaka 44, na miwani naisahau jikoni, kwa hiyo nalipa. Anayesema polepole sana mharakishe, kitufe cha 1.5 kipo palepale pembeni ya sauti.

Telegram na mazungumzo ya X (Twitter ya zamani) nitayapitia haraka, kwa sababu hayakunikaa. Telegram grupu moja linaweza kubeba watu 200,000, unaweza kuficha namba yako ukajulikana kwa jina la kujichagulia, na ukiingia leo mara nyingi unaweza kusoma ya tangu mwanzo, jambo ambalo WhatsApp ni dhaifu nalo. Kwa kupokea vitabu na mihadhara ni pazuri. Kwa kuzungumza ni soko la Mgandini siku ya Jumamosi. Usidhani pia kwamba jina "siri" linakuhusu popote humo: mazungumzo ya grupu la Telegram hayafungwi yasomwe na waliomo tu kama ya WhatsApp, yanayofungwa namna hiyo ni yale ya watu wawili waliyoyafungua makusudi. Mazungumzo ya moja kwa moja ya X yalinipendeza kama redio, lakini yanaanza saa tatu usiku yanaisha saa saba, na Mei 2025 mtandao wenyewe ulizuiwa nchini. Nikaurudia usingizi wangu.

Maswali ya karani

Popote utakaposhawishiwa kuingia, mimi huuliza haya.

Nani ataiona namba yangu? WhatsApp, kila aliyemo kwenye grupu. Kama hutaki, tumia laini ya pili, na ukiwa nayo bonyeza *106# mara moja moja uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta una ya tatu usiyoijua. Pia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa faragha, kuna mahali pa kuchagua nani aruhusiwe kukuingiza kwenye grupu. Mwenzangu aliyenipigia simu yumo kwenye tisa kwa sababu hajawahi kupafungua mahali hapo.

Maneno yanabaki au yanapeperuka? Kwenye WhatsApp mazungumzo ya jana yameshazikwa na maua ya leo. Ni meza iliyo chini ya feni. Kwa faraja hiyo ni neema, mtu alie asahau. Kwa elimu ni hasara tupu, kwa kuwa swali lilelile litaulizwa kila baada ya wiki tatu na kujibiwa vibaya zaidi.

Nani anazoa taka? Mtazame admini wiki mbili kabla hujasema neno. Mahali penye admini asiyemtoa mtu hakuna mazungumzo, kuna kelele tu za wenye bando.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililonipeleka nilipo sasa: humo watanijua mimi ni nani kabla sijasema? Mwenye haja ya msiri, jibu linalomfaa ni ndiyo. Mwenye haja ya mbishi, ni hapana.

Majina bandia

Jukwaa maarufu la namna hii kwetu ni JamiiForums, lililoanzishwa 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, na yapo mengine madogo ya lugha na mashairi. Mfumo ni ule ule. Unajichagulia jina. Mtu anaanzisha mada, wao wanaiita uzi, na wachangiaji wanajipanga chini yake, na uzi wa mwaka 2011 ukiutafuta unaupata, na nani alisema nini. Nilipofungua mara ya kwanza nilikaribia kulia: majalada! Folio kwa folio!

Binti yangu alishtuka. "Mama, watu wanaojificha majina?" Nikamkumbusha babu yake. Baba yangu alikuwa na daftari alilobandika mashairi aliyoyakata magazetini. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na ukurasa wa mashairi ulikuwa uwanja: mmoja anauliza fumbo kwa beti, mwingine wa mji mwingine anajibu matoleo yanayofuata, wa tatu anawakosoa wote wawili, na wengi walitumia lakabu. Baba alibishana kwa miaka na mtu wa Lindi ambaye hakuwahi kumwona. Halafu zikaja kadi za salamu za redioni, watu wanaojulikana nchi nzima kwa majina ya kujipachika, wanasalimiana kila wiki, siku wakikutana wanakumbatiana kama ndugu. Kumpata wa nia yako kwa mbali, bila sura, hatukufundishwa na simu. Simu imetuondolea stempu tu.

Kasoro zipo na ni kubwa. Lugha ni chafu wakati mwingine. Suala la joto la usiku nililipeleka pia kwenye jukwaa moja la majina bandia, nikapata vichekesho vinne vya kitandani, wauza mizizi wawili wanaosema "njoo faragha", na kijana aliyeniambia nijaribu feni. Huko si pahali pa jambo hilo, nawaambia mapema. Pia usiweke roho yako yote mahali pamoja: Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipoingia, JamiiForums ilizima huduma kwa majuma kadhaa na watu wakabaki hawana namba za marafiki wa miaka kumi. Kilicho chako kinakili daftarini.

Lakini kuna neno moja la huko ambalo limenifanya nibaki. Wote wanaitana "mkuu". Mwenye miaka 20 ni mkuu, mwenye 70 ni mkuu, mwanamke mkuu, profesa mkuu. Hakuna anayejua kama kiti changu kiko juu au chini, kwa hiyo hakuna anayeniamkia. Mara ya kwanza mtu alipoandika, "Mkuu, hapo umechemka," nilikaa nikitazama kioo cha simu, na nikagundua natabasamu.

Ubeti wangu nao niliupeleka kwenye uzi wa mashairi, kwenye jukwaa moja la namna hiyo. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili mtu akaandika "ngoja waje wajuzi". Siku ya tatu, saa tano usiku, akaja mmoja ambaye jina lake ni la aina ya samaki na namba mbili. Hakusema mashaallah. Aliandika:

"Mkuu, mshororo wa pili, kipande cha pili, una mizani tisa. Hesabu: na-o-na-mi-a-ka-ya-ru-ka. Jaribu 'miaka ikiniruka'."

Nilihesabu kwa vidole. Tisa. Nikahesabu tena kwa kugonga meza. Tisa. Watu 117, na watu 212, na chumba kizima cha wanawake waliolia nami, na mimi mwenyewe niliyekuwa karani miaka 31, ilikuwa imetupita. Kisha nikakisoma alichopendekeza kwa sauti: Nimekaa dirishani, miaka ikiniruka. Si mizani tu iliyokaa. Kwangu mimi nilikuwa mtazamaji, naona miaka ikiruka huko nje. Kwake miaka inaniruka mimi, kama watoto wanavyomruka mtu aliyelala mlangoni.

Sijui ni mwanamume au mwanamke, ana miaka 22 au 75. Nilivuta droo, nikatoa kalamu nyekundu niliyoondoka nayo ofisini, nikazungushia duara yale maneno ya zamani kwenye daftari. Nikamwandikia: "Nimekosea mkuu. Ahsante."

Akajibu baada ya dakika moja. "Pamoja mkuu. Ubeti wa pili uko wapi?"